Ikimbie kwa Miguu ya Nani?

Kuna ombi ambalo kila fundi wa baiskeli amelisikia hadi amelizoea: "Abti, nifanyie hii kitu ikimbie." Anayeomba, na kumwita fundi abti, yaani mjomba kwa Kisomali, huwa kijana, na baiskeli yake huwa haibridi ya mitumba. Breki zinashika na tairi hazina pancha. Tatizo lake ni kwamba ameshafika gia ya mwisho, miguu inazunguka mbiombio, na bado anapitwa. Fundi mwenye tamaa atamuuzia gia kubwa hapohapo. Fundi wa kweli ataiinua baiskeli, azungushe pedali kwa mkono, atazame mnyororo unavyopita, kisha aulize: "Ikimbie kwa miguu ya nani?" Nakuja kulisifu swali hilo, maana ufundi wote wa gia umo ndani yake.

Haibridi ni baiskeli ya maafikiano. Magurudumu yake yana kimo cha yale ya mbio, usukani umenyooka kama wa baiskeli za milimani, na gia zake nyingi zimepangwa kwa ajili ya miinuko. Ilete Galbet, mtaa wa Garissa, uone. Mji wa Garissa umelala kando ya Mto Tana, takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Galbet kwenda darajani na kuvuka hadi Madogo, au ukishika njia ya Dadaab, hutakutana na kilima cha kukushusha kwenye kiti. Gia ndogo ya mbele, iliyowekwa kumwokoa mpanda mlima, hukaa mwaka mzima ikipokea vumbi. Mwenye baiskeli anaishi kwenye gia moja au mbili za mwisho, na hizo ndizo anazoziona hazimtoshi.

Ufundi huanza na hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Chukua meno ya gia ya mbele, gawanya kwa meno ya gia ya nyuma. Haibridi nyingi za bei nafuu zina meno 42 kwenye gia kubwa ya mbele na 14 kwenye gia ndogo ya nyuma. Jibu ni 3: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka mara tatu. Mzingo wa gurudumu hilo pamoja na tairi lake ni kama mita 2.17, kwa hiyo kila mzunguko wa mguu unakupeleka mita 6.5. Zungusha mara 80 kwa dakika, nawe unakwenda kilomita 31 kwa saa. Ukiweka gia ya meno 48 mbele na kuiacha ile 14 nyuma, miguu ileile kwa mwendo uleule itakupa karibu kilomita 36. Ukiiacha 42 mbele na kupata 11 nyuma, hesabu inakaribia kilomita 40.

Hapo kijana hutabasamu, na hapo ndipo fundi mwaminifu humkatiza. Gia haina nguvu yake yenyewe. Kazi yake ni ile ya dalali katika soko la mifugo la Garissa: hamwongezei ng'ombe hata ratili moja ya nyama, anapatanisha tu kinachotolewa na kinachopokelewa. Gia kubwa inakupa mwendo, lakini inakudai uzito kwenye kila mkanyago. Na hewa nayo ina deni lake. Nguvu ya kuipasua hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi, hivyo anayetaka kutoka kilomita 31 hadi 40 kwa saa anahitaji zaidi ya maradufu ya nguvu aliyokuwa akitumia kupambana nayo. Asiyekuwa na nguvu hiyo atakanyaga gia kubwa polepole, magoti yamuume, na afike nyuma ya mwenzake mwenye gia ndogo.

Mambo haya yamepimwa hadharani. Oktoba 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda Jiji la Mexico na kuweka rekodi kwa kuendesha kilomita 49.431 kwa saa moja. Mbele alikuwa na meno 52, nyuma 14. Miaka 50 baadaye, Oktoba 2022, Filippo Ganna wa Italia alifikisha kilomita 56.792 huko Grenchen, Uswisi, akiwa na 65 mbele na 14 nyuma. Ile 14 ambayo kijana wa Galbet anaiona haifai ndiyo iliyobeba rekodi hizo mbili. Kilichozidi ni gia ya mbele, na nyuma ya gia hiyo kuna mapafu, mapaja, na mgongo ulioinama hadi kidevu kikakaribia usukani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwenye baiskeli methali hiyo haina fumbo lolote. Anayekaa wima kwenye haibridi, kifua wazi kwa upepo, atapata zaidi kwa kushusha usukani na kujaza tairi upepo wa kutosha kuliko kwa kununua meno.

Upepo wenyewe hauna adabu huku. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi hupita Kaskazini Mashariki kwa nguvu, na katika nchi tambarare yenye miti michache hakuna cha kuuzuia. Ukiwa nao mgongoni, gia ya 48 kwa 14 ni raha tupu. Ukigeuka kurudi, barabara ileile inakuwa mlima usioonekana, na hapo unazitafuta zile gia za katikati ulizozidharau asubuhi. Pembeni mwa lami ni mchanga, na mchanga hautaki gia kubwa hata kidogo. Ndiyo maana fundi mzuri akikuongezea kasi hakunyang'anyi gia za chini. Anasogeza ncha ya juu tu, na hatua za katikati anaziacha zikiwa karibukaribu.

Kazi ya mikono sasa. Gia ya mbele haibadilishwi kama balbu: nafasi za bolti lazima zilingane, na kwenye baiskeli za bei rahisi gia zote tatu zimegongewa ribiti pamoja na mkono wa pedali, hivyo hununuliwa seti nzima. Nyuma, fundi hutazama kwanza kama gia zimefungwa kwa rezi kwenye habu, maana hizo kwa kawaida huishia meno 14 au 13, au ni kaseti ya kuchomeka, ambayo hufika 11. Mnyororo wa zamani huwa mfupi kwa gia mpya. Fundi huuzungusha kwenye gia kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye mkono wa gia wenye vigurudumu viwili, kisha anaongeza inchi moja. Anayeupima kwa macho ataliona kosa lake siku mteja anapoweka kubwa kwa kubwa, mnyororo ukakaza na kuung'oa mkono wote. Mwisho ni kile kibao cha mbele kinachosukuma mnyororo: hupandishwa hadi kibakize milimita moja hadi tatu juu ya meno. Kisha huja skrubu ndogo za kuweka mipaka, robo mzunguko kwa robo mzunguko, sikio likiwa chini. Mnyororo uliokaa sawa hausikiki.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo cha rula ambacho wengi hukiruka. Kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, mnyororo mpya hujaza inchi 12 kamili. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechoka; zikifika moja ya nane, umeshakula na meno ya gia. Galbet vumbi halina likizo, na mafuta mengi hulishika likasaga chuma. Mnyororo hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hutiwa tone moja kwa kila pini, na ziada hupanguswa. Baiskeli nyingi zinazodaiwa kukosa gia zimekosa usafi huu tu, na zikiupata huenda kasi bila senti ya kipuri.

Kwa hiyo ukiipeleka haibridi yako kwa fundi, usianze kwa kuuliza bei ya gia. Mwambie unakwenda wapi kila siku, unabeba nini, na ni wapi hasa miguu inakuzidi. Mwache ahesabu meno na apime mnyororo. Na akikuambia gia ulizo nazo zinatosha, mlipe kama aliyekufungia mpya, maana umenunua kitu adimu kuliko chuma: ukweli kuhusu miguu yako.