Juu ya Msemo wa Kidole na Andazi

Mtu ajitiaye katika kila shauri, Waingereza husema ana kidole katika kila andazi. Na mara nyingi ni kwa lawama. Wako wafasirio msemo huo neno kwa neno. Twaona si vema. Hapa Singida ugali wa uwele au wa mtama huliwa kwa mkono, watu wakizunguka chombo kimoja. Mkono wa mwenzio chomboni ni udugu, wala si ujuvi. Tena Waswahili hunena, "Kidole kimoja hakivunji chawa." Basi barazani wazee watadhani mtu yule asifiwa, kumbe ashutumiwa, nao watamkabidhi mambo zaidi. Mfasiri na achague, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Hapo lawama itafika nzima.