Kumwangusha mtu bila kumvunja

Tarehe 10 Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, aitwaye Popole Misenga alimshinda Avtar Singh wa India katika judo ya uzito wa kilo 90. Alikuwa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki. Raundi iliyofuata alikutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa 2015, na safari ikaishia hapo. Mwenzake Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu, alitolewa siku hiyohiyo na Linda Bolder wa Israel. Waandishi walijaza kurasa na habari za vita, msitu na ukimbizi. Judo yenyewe waliigusa kwa juu, ingawa kijana wa huku kwetu anayetaka kujua namna ya kuangusha mtu angefaidika zaidi na hiyo.

Wawili hao walifika Brazil mwaka 2013 na timu ya Kongo kwa mashindano ya dunia, wakatoka hotelini na kuomba hifadhi. Baadaye walipokelewa na Instituto Reação, chama kilichoanzishwa na Flávio Canto, mshindi wa shaba wa Athens 2004, wakafundishwa na mzee Geraldo Bernardes. Kwa maelezo ya Bernardes, mwanzoni walikuwa tatizo mazoezini. Kila mtupo waliutupa kwa nguvu zote, wenzao wakaumia. Nguvu walikuwa nazo tele. Kitu ambacho hawakuwahi kuruhusiwa kufanya ni kupoteza. Misenga mwenyewe alisimulia kwamba nyumbani mchezaji aliyeshindwa alifungiwa kizimbani na kupewa mkate na kahawa tu.

Acha ukatili wa jambo hilo kwa dakika moja, tuutazame kama mbinu ya ufundishaji. Mtu anayeadhibiwa kwa kuanguka atafanya nini? Atakaza mikono, atarudisha makalio nyuma, atasubiri mwenzake akosee. Hataingia na nyonga yake chini ya mwenzake, kwa maana kila anayeingia anahatarisha kupinduliwa. Na mwenzake wa mazoezi, akijua kwamba mtupo utakuja na nguvu za mashindano, naye atakaza. Hapo mna wanaume wawili wanaosukumana kama mafahali, jasho linatoka, na hakuna anayejifunza kuangusha. Mtu hujifunza mtupo kwa kuurudia mara mamia juu ya mwili wa mtu aliyekubali kuanguka. Asipokubali, hakuna darasa.

Ndiyo maana nimekuwa nikiitazama kwa karibu mieleka ya jadi ya Wachina, shuai jiao, ambayo huku kwetu haifahamiki kama zinavyofahamika judo au karate. Chini ya utawala wa Qing, Beijing ilikuwa na kikosi kizima cha wanamieleka wa mfalme, Shanpuying. Jina linalotajwa zaidi katika karne ya 20 ni la Chang Dongsheng, Mwislamu wa Baoding aliyezaliwa mwaka 1908, bingwa wa mashindano ya taifa ya Nanjing mwaka 1933, ambaye baadaye alifundisha polisi huko Taiwan hadi uzeeni. Wachezaji huvaa koti fupi la kitambaa kizito, mikono mifupi, mshipi kiunoni. Sheria ni rahisi: sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo ikigusa ardhi, umepoteza pointi. Hakuna kugaagaa chini, hakuna kukaba koo. Miguu inaruhusiwa kushikwa, jambo ambalo judo ililibana mwaka 2010 na kulikataza kabisa 2013.

Sheria hiyo ya kutogusa ardhi ndiyo inayotengeneza ufundi wote. Kwa kuwa ukianguka pamoja na mwenzako umejipunguzia ushindi, lazima umwangushe huku wewe umesimama. Judo inakuvumilia ukijitupa juu ya mpinzani kwa uzito wako wote. Mchina hakuvumilii. Na mtu anayebaki wima, mkono wake ungali umeshika mkono wa koti la mwenzake, anaweza kuamua mwenzake atue vipi.

Tuchukue mtupo mmoja, qie, ambao mcheza judo atauona ni ndugu wa osoto gari, na mtoto wa Bukavu atauita ngwala tu. Mkono wako wa kushoto umeshika kitambaa karibu na kiwiko chake cha kulia. Unakanyaga na mguu wa kushoto nje ya mguu wake wa kulia, na wakati huohuo unamvuta kiwiko kuelekea nyonga yako, hadi uzito wake wote ukae juu ya kisigino cha kulia. Kigasha chako cha kulia kinapita juu ya kifua chake, kikimsukuma nyuma na chini kwa mshazari. Ndipo mguu wako wa kulia unapita nyuma ya wake na kuufyeka, kichwa chako kikigeuka kushoto na kifua kikiinama. Kichwa hicho kinasahauliwa na wengi. Anayefyeka huku akimtazama mpinzani usoni ameuzuia mgongo wake usizunguke, na bila mzunguko mguu unapiga teke tu.

Kosa kubwa zaidi linakuja mwishoni. Mkono wa kushoto ulivuta chini ili kumpotezea mwenzako mizani. Mara tu miguu yake inapoiacha ardhi, mkono huohuo unatakiwa kubadili kazi na kuvuta juu, ili atue kwa ubavu, bega na kichwa vikiwa vimebebwa. Wanaoanza ama wanaendelea kuvuta chini, ama wanaachia kabisa na kujishangilia. Matokeo yake mwenzao anatua kwa kisogo. Huko Japani, ambako judo hufundishwa mashuleni, mtupo wa aina hii ndio unaoongoza katika ajali za vichwa vya wanafunzi wapya. Kwa hiyo sikubaliani na walimu wanaouweka katika somo la kwanza kwa sababu eti ni rahisi kueleweka. Kueleweka, ndiyo. Kuuangukia ni kazi nyingine.

Wachina wanapitisha muda mrefu kabla ya kugusana. Mwanafunzi anarudia hatua na mzunguko peke yake, akishika mshipi kwa mikono miwili na kuupiga hewani kana kwamba ni mikono ya koti la mtu. Mshipi ukitoa mlio mkavu, mikono imevuta pamoja na kiuno kimezunguka. Ukining'inia, mikono imefanya kazi bila kiuno. Kuna pia kufuli la jiwe lenye mpini, linalorushwa na kudakwa ili kukomaza vidole na mgongo. Vyote hivyo havihitaji ukumbi wala pesa nyingi, na mshipi unaweza kuwa kipande cha kitenge kilichosokotwa.

Hilo ndilo linalonifanya nifikirie vilima vya Nyantende, karibu na Bukavu. Vijana wa huko wana nyasi na mteremko, tatami, yale magodoro ya judo, hawana. Nyasi zinadanganya. Msimu wa mvua udongo mwekundu unateleza na mguu wa kusimamia unatoroka katikati ya mtupo, wewe na mwenzako mkaanguka mmoja juu ya mwingine. Kiangazi, Juni hadi Agosti, udongo huohuo unakauka, na nyasi za juu hazizuii chochote. Bora unga wa mbao kutoka kwa mafundi seremala, umwagwe kwa unene wa kutosha ndani ya fremu ya mbao na kufunikwa na turubai lililokazwa. Mteremko nao una sheria yake: ukimtupa mtu kuelekea chini ya kilima, anaanguka kutoka juu zaidi kuliko ulivyopima. Tupeni kuelekea juu, au tafuteni kipande kilicho sawa.

Juu ya turubai hilo, mwezi wa kwanza ungekuwa wa kuanguka tu. Mtu anachuchumaa, kidevu kifuani, anajiviringisha ubavuni, meno yamefungwa, pumzi inatoka. Kisha anafanya hivyo akiwa amesimama nusu, kisha wima, kisha akiwa ameshikwa mkono na mwenzake. Kuupiga mkono chini kama wafanyavyo wacheza judo kunafaa kwenye tatami. Kwenye ardhi ngumu kutakuvimbisha kiganja, afadhali kujiviringisha. Baada ya hapo ndipo mitupo ya nyonga, ambayo humleta mwenzako mbele yako ukimwona na kumshika, na mwisho kabisa ngwala za kumwangusha nyuma.

Je, Bernardes alifanya yote haya na Misenga? Alikuwa na kazi tofauti, kwani mtu wake alijua judo tayari. Alichotakiwa kumrudishia ni zamu, yaani leo mimi naanguka, kesho wewe, na hakuna anayehesabu. Wala sidai kwamba ushindi dhidi ya Singh ulitokana na hilo pekee. Lakini huwezi kufika mashindano ya kiwango kile ukiwa umebakiwa na wenzako wa mazoezi wenye mbavu zilizovunjika. Katika kikundi kidogo, tuseme vijana 8, wawili wakiumia umepoteza robo ya shule. Mwalimu awapange wazito na wepesi wachanganyike, kila mmoja atupe mara 10 na kutupwa mara 10, na mkubwa wa kikundi, yule mwenye mabega, ndiye aanze upande wa kuanguka.