Umeshinda, Utashtakiwa: Uhakiki wa Lugha ya Wadai na Matapeli wa Simu katika Bonde la Ufa

1. Utangulizi

Sisi wahakiki wa Kiswahili tumezoea kupeleka maswali yetu ya fani na maudhui kwenye kazi zilizokwisha kuheshimika: tenzi, riwaya, tamthilia na ngano. Hapana ubaya katika mazoea hayo. Hata hivyo, upo utungo ambao mkazi wa Nakuru huusikia mara nyingi zaidi kuliko utenzi wowote, tena huusikiliza kwa makini ya mtu aliyeshtuka. Utungo huo ni simu, au ujumbe mfupi wa simu, utokao kwa mtu asiyemjua, unaomwarifu ama kwamba anadaiwa, ama kwamba amepata.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya polisi na mabenki, si ya idara za lugha. Hatukubaliani naye. Tapeli wa simu hana panga wala bunduki. Alicho nacho ni maneno. Mkusanya madeni naye, akiwa ofisini mbali, hamfikii mdaiwa aliyeko Molo au Subukia ila kwa maneno. Pale ambapo silaha ni lugha, mwanafunzi wa lugha hana udhuru wa kukaa kando.

Hoja ya makala hii ni moja. Mdai mwenye vitisho na tapeli wanatofautiana kwa haki: wa kwanza huenda kweli anadai, wa pili hadai kitu. Lakini kwa sarufi ni ndugu. Wote wawili humnyima msikilizaji wakati uliopo, ambao ndio wakati pekee ambamo jambo laweza kuulizwa na kuthibitishwa. Mifano tuitoayo tumeitunga wenyewe kwa kufuata ruwaza ambazo kila mwenye simu nchini Kenya anazifahamu. Hatukunakili ujumbe wa mtu.

2. Mazingira ya utungo

Utungo hauelezeki bila mazingira yaliyouzaa. Zamani mkopeshaji wa Nakuru alikuwa mtu mwenye sura. Alikuwa mwenye duka, mweka hazina wa chama, karani wa ushirika, au yule mkopeshaji wa riba kali ambaye Wakenya humwita "shylock". Aliyekopa aliingia mlangoni kwa hodi, akaonekana, na siku ya kudaiwa alijua ni nani aliyesimama mlangoni kwake.

Mwezi Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianzishwa, na fedha zikaanza kusafiri kwa simu. Mwaka 2012 ikafuata M-Shwari, iliyowezesha mtu kukopa kwa simu hiyo hiyo. Baadaye zikaja programu nyingi za mikopo ya haraka, ambazo baadhi yake ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zilizomo katika simu ya mkopaji. Mkopaji mwenye shida hasomi masharti, alikubali. Hivyo rehani ya mkopo haikuwa tena ng'ombe wala hati ya shamba, bali majina ya watu: mjomba, mwajiri, mwalimu wa mtoto, jirani.

Jambo la pili ni jina la mtu. Anayetuma fedha kwa simu huonyeshwa jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha. Katika Nakuru, mji uliotangazwa kuwa jiji mwezi Desemba 2021 na ambao wakazi wake ni wa makabila mengi, jina mara nyingi hudokeza lugha ya nyumbani. Tapeli aliyelipata jina huanza kwa Kiswahili, kisha akateleza polepole kuingia katika lugha ya mama: kwa huyu "chamgei", kwa yule "wĩ mwega". Katika eneo lililojeruhiwa na fujo za mwaka 1992, za 1997 na za 2007 hadi 2008, mtu kusalimiwa na mgeni kwa lugha ya kwao ni ishara ya usalama. Ishara hiyo ndiyo inayogeuzwa mtego.

3. Fani: "-me-" ya tapeli na "-ta-" ya mdai

Tuitazame mifano miwili. Wa kwanza ni wa tapeli:

"Hongera mama! Namba yako imeshinda. Pesa zimeshaingia, ila laini yako imefungwa. Usikate simu."

Wa pili ni wa mkusanya madeni:

"Hii ni arifa ya mwisho. Utaorodheshwa CRB, dalali atatumwa kwako, na jamaa zako watajulishwa leo kabla ya saa kumi."

Katika mfano wa kwanza vitenzi vyote vya kuarifu vimebeba "-me-": imeshinda, zimeshaingia, imefungwa. Kiambishi hiki huonyesha tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yangalipo. Tapeli hamwombi msikilizaji aamini kwamba jambo litatokea. Anamkabidhi jambo lililokwisha kutokea, na kilichobaki ni kushughulikia matokeo. Ndivyo ulivyo pia ule utungo mwingine maarufu: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Kwanza huja ujumbe wa kughushi unaodai kwamba fedha zimeingia, kisha huja sauti ya unyenyekevu. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mama auzaye viazi sokoni, akiamini kwamba fedha za mtu zimo katika simu yake, hujiona ndiye mdaiwa. Uaminifu wake ndio unaomtoa fedha. Kwa hiyo tapeli naye ni mdai: hubuni deni ambalo halikuwapo, kisha hulidai.

Katika mfano wa pili vitenzi vimebeba "-ta-", tena vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Utaorodheshwa na nani? Dalali atatumwa na nani, kwa amri ya mahakama ipi? Watajulishwa na nani? Kauli ya kutendwa katika Kiswahili ina nafasi ya mtenda baada ya kiunganishi "na". Mtunzi huyu ameiacha nafasi hiyo wazi makusudi. Mtenda asiyetajwa huwa mkubwa kama hofu ya msikilizaji inavyotaka awe.

Tukijaza nafasi hiyo, mara nyingi tishio hupungua kimo. Mwezi Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwaondolea wakopeshaji wa kidijiti wasiosimamiwa idhini ya kupeleka majina ya wadaiwa kwa asasi za taarifa za mikopo, zile zijulikanazo kama CRB; ikaagiza pia kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisiorodheshwe. Tangu hapo, "utaorodheshwa" litokalo kwa mkopeshaji asiye na leseni ni kitenzi kisicho na mtenda, si katika sarufi tu bali katika sheria. Maneno yenyewe hayakubadilika, yaliendelea kutisha kwa kuwa hakuna aliyeuliza "na nani?"

Hivyo mmoja hukaa katika yaliyokwisha, mwingine katika yatakayokuja. Hakuna akaaye katika "-na-". Nao wakati uliopo ndio makao ya uthibitisho: Nani anasema? Anadai kiasi gani? Anadai kwa mkataba upi? Fedha ziko wapi sasa katika salio langu? Amri kama "usikate simu" na "kabla ya saa kumi" zina kazi hiyo hiyo ya kuuziba mlango wa wakati uliopo.

4. Hadhira

Katika uhakiki tumefundishwa kuuliza: mtunzi anamwambia nani? Swali hili likielekezwa kwa mkusanya madeni linafichua siri yake kuu. Ujumbe unamtaja mdaiwa, lakini hadhira yake halisi ni watu wengine. Mjomba aliyeko Njoro hupigiwa simu na kuambiwa kwamba mpwa wake ni mwizi na kwamba ndiye aliyemweka kuwa mdhamini. Mwajiri wa Naivasha hutumiwa ujumbe kuhusu kibarua wake. Deni ni la mmoja, aibu inagawiwa ukoo mzima.

Kiswahili si lugha isiyojua kusutana kwa maneno. Tunayo malumbano ya washairi, tunayo mipasho ya taarabu, tunayo maandishi ya kanga. Lakini mapokeo hayo yana adabu yake: anayerusha neno yuko tayari kurushiwa, na hadhira iliyosikia shtaka ndiyo itakayosikia jibu. Mshairi aliyechokozwa hujibu mbele ya watu wale wale. Mdaiwa wa simu hana ukumbi wa kujibia. Hajui hata ni nani kati ya jamaa zake amekwisha kuambiwa. Huu ni usutaji ulionyang'anywa haki ya jibu, na kwa hiyo si malumbano, ni kashfa.

Inafurahisha kuona kwamba sheria za Kenya, pale zilipoamka, zilianza kwa swali hilo hilo la hadhira. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data iliifanya namba ya mtu na jina lake kuwa vitu vyenye ulinzi. Kanuni za Benki Kuu kuhusu wakopeshaji wa kidijiti, zilizotangazwa mwezi Machi 2022, zilikataza vitisho na lugha ya matusi katika kudai. Zikakataza pia kuichukua orodha ya namba za mkopaji ili kuwasumbua jamaa na marafiki zake anaposhindwa kulipa. Mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine ili kupeleka ujumbe na simu za vitisho. Kosa lililoadhibiwa halikuwa kudai. Lilikuwa kumwambia asiyehusika.

5. Maudhui: deni, aibu na imani

Hapa yafaa tukabili pingamizi la haki. Wapo watakaosema kwamba aliyekopa na asilipe amejitakia. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wakasema pia dawa ya deni ni kulipa. Tunayakubali yote mawili, wala makala hii haikuandikwa kuwatetea wanaokopa kwa nia ya kutoroka. Lakini methali haikusema kwamba dawa ya deni ni aibu. Deni halali humpa mdai haki ya mali yake. Halimpi umiliki wa heshima ya mdaiwa, sembuse heshima ya mjomba wake.

Jina lenyewe la "shylock" linatupa somo. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare na kuitoa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza akawa mabepari wengi. Macho ya msomaji yakaelekezwa kwenye tabaka badala ya mtu. Basi tukumbuke jinsi kesi ile inavyokwisha. Mdai anashindwa mahakamani kwa kusomwa mkataba wake kwa makini kuliko alivyousoma mwenyewe: umetaja nyama, haukutaja damu. Na tukumbuke jambo la pili: Shylock, kwa ukatili wake wote, alisimama barazani kwa jina lake na kusikilizwa na kujibiwa. Mkusanya madeni wa leo ana ukatili bila baraza, na tapeli hana hata jina.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, haihesabiwi kwa shilingi. Tumfikirie yule mama wa sokoni baada ya kulaghaiwa mara moja na kutishwa mara kumi. Siku moja simu inalia. Sauti asiyoijua inamwita "mama" na kumwambia kwamba mwanawe ameumia barabarani karibu na Gilgil na amefikishwa hospitalini. Safari hii ni kweli. Naye anaikata. Neno "mama", lililokuwa likimfungulia mgeni kila mlango katika nchi hii, limetumiwa uongo hadi limekuwa dalili ya hatari. Vivyo hivyo mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa mara nyingi katika habari za utapeli wa laini za simu hata jina lake likawa kama nomino ya kawaida ya ulaghai, na wakulima wake waaminifu wakabebeshwa sifa isiyo yao. Wanaoibiwa hapa ni wengi kuliko waliopoteza fedha. Tumeibiwa maneno ya kuaminiana.

6. Tamati

Tumeona kwamba tapeli hukimbilia "-me-" na mdai mkali hukimbilia "-ta-", na kwamba wote huficha mtenda na kugeuza hadhira. Ikiwa ndivyo, basi kinga ya kwanza ya mwananchi ni ya kihakiki: kuurudisha utungo katika wakati uliopo na kumtaka mtunzi ajitaje. Desturi yetu ya hodi inatosha kuwa kanuni. Mgeni hujitambulisha kabla ya kuuliza jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana haki ya kutosema "karibu". Anayejiita mtumishi wa Safaricom aangaliwe namba yake, kwa maana kampuni hiyo imewatangazia wateja wake kwamba huwapigia kwa 0722 000 000 pekee. Wala hakuna mtumishi halali anayehitaji namba ya siri ya mteja. Anayejiita mkopeshaji aulizwe jina la kampuni, litafutwe katika orodha ya wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu, na hesabu ya deni iombwe kwa maandishi. Deni likithibitika, lilipwe au lipangiwe muda. Vitisho vikiendelea, au jamaa wakisumbuliwa, ujumbe uhifadhiwe na upelekwe kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa upande wetu sisi walimu, kazi ipo. Tunawafundisha wanafunzi kauli ya kutendwa kwa sentensi za mtoto kupigwa na chakula kupikwa. Tuwape pia sentensi ya "utaorodheshwa", tuwaulize: na nani? Mwanafunzi atakayelipeleka swali hilo nyumbani kwao Bahati au Rongai, akamfundisha mama yake kuliuliza kabla ya kutuma fedha, atakuwa ameitumia sarufi kwa kazi iliyo kubwa kuliko mtihani.