Kidhibiti Mapigo: Istilahi Iliyoachwa Nyuma na Kifaa

Watafsiri wetu huita kila kifaa cha umeme kinachopandikizwa kwa ajili ya moyo "kidhibiti mapigo". Istilahi hiyo yafaa kwa kifaa cha aina ile iliyopandikizwa mara ya kwanza huko Uswidi mwaka 1958, ambacho huuzuia moyo usipige polepole mno. Lakini kipo kifaa kingine, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2001, cha kumtibu mtu ambaye moyo wake umedhoofika. Hicho huvifanya vyumba viwili vya chini vya moyo vipige kwa pamoja. Baadhi ya vifaa hivyo vina kihisi katika ncha ya waya, kinachopima mtikisiko wa moyo ili muda baina ya mapigo ya vyumba urekebishwe.

Mgonjwa ambaye mapigo yake hayaendi polepole, akiambiwa kwamba yatadhibitiwa, aweza kukikataa kifaa kimfaacho. Kwa hiyo twapendekeza "kioanishi mapigo". Nacho kihisi kisiitwe "sensa", kwani neno hilo tumekwisha kulitumia kwa kuhesabu watu. Istilahi isiyotaja kazi ya kifaa humpotosha mgonjwa, na mganga pia.