Mpima Seli wa Kimbo

Mizani ya bucha ni chombo kizuri cha kuchagulia pawabenki. Seli ya lithiamu ya silinda, ile iitwayo 18650 kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo nzuri hubeba kati ya mAh 2,500 na 3,500. Sasa mtu akikuuzia pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000, ndani yake lazima ziwemo seli zipatazo sita au zaidi, na seli sita peke yake zinapita robo kilo, bado hujapima kasha wala saketi. Zile seli bapa nazo hazitofautiani sana kwa uzito. Mwombe muuza nyama akuwekee kwenye mizani. Ikisoma gramu mia na hamsini, mrudishie mwenyewe. Wapo walioigundua hila hii wakaanza kutia mchanga ndani ya kasha ili uzito utimie. Hao dawa yao ni bisibisi.

Hesabu hii ni ya fundi wa simu mmoja wa Kimbo, mtu asiyevua samaki wala kula wengi, lakini ambaye wavuvi wa mtaani hawatoki bila kupitia kwake.

Kimbo iko kando ya barabara kuu ya Thika, ukishapita Ruiru ukielekea Juja: ploti za ghorofa nne tano, vibanda vya mboga, makanga wanaopiga bodi za matatu kwa viganja. Huwezi kuitaja ukafikiria samaki. Hata hivyo Ijumaa jioni utaona Probox imeegeshwa, fimbo za kuvulia zimechomoza dirishani, na vijana wanabishana nani amesahau chambo. Wengine huishia karibu, kwenye mto Ndarugu au Ruiru. Wenye hamu zaidi hushika barabara ya Garissa, wakapita Matuu, wakalala kando ya bwawa la Masinga. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1981 kwenye mto Tana, na mto Thika humwaga maji yake humo, kwa hiyo maji yaliyopita chini ya daraja la Thika mjini huwa yamewatangulia.

Masinga kuna tilapia na kambare. Kuna pia viboko na mamba. Anayekaa ukingoni saa nane za usiku bila taa amejitakia. Na siku hizi taa ni nusu tu ya hoja, kwani simu ndiyo pochi. Nauli ya bodaboda, mkate wa asubuhi, hata samaki wa kununua kwa mwenye mtumbwi pale ndoana zinapokataa kabisa na mtu anaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, vyote ni M-Pesa. Simu ikizima, umefukarika hapo hapo, hata kama akaunti imejaa.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi kwa mteja wa uvuvi haligusi mAh. Anauliza watakesha usiku mmoja au miwili, wako wangapi, na watawasha nini. Kisha anapiga hesabu kwa kichwa huku akilehemu tundu la chaji la simu ya mtu mwingine. Hizo mAh 10,000 za kwenye kasha zimehesabiwa kwa volti 3.7 za seli. Ni wati-saa 37. Kabla umeme huo haujaifikia simu hupandishwa hadi volti 5, na safari hiyo ina ushuru: sehemu ya saba hivi hupotea ikawa joto. Zinabaki kama 31. Simu yenye betri ya mAh 5,000 inataka zaidi ya wati-saa 19, nayo hupoteza kidogo ikichaji. Gawanya, utapata mara moja na nusu, ilhali kisanduku kimekuahidi mbili. Taa ya wati 5 itazila hizo 31 kwa saa sita: ukiiwasha saa moja jioni, saa saba usiku uko gizani, na kambare ndio kwanza wamechangamka.

Kupima umeme kwa usiku badala ya tarakimu, wavuvi wa omena wa Ziwa Victoria walikuzoea zamani. Wao huvua usiku usio na mbalamwezi, taa zikielea majini kuwavuta omena, na kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, zikinywa mafuta ya taa hadi alfajiri na kumeza sehemu nono ya mapato. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo Mbita, kilichochaji betri kwa nguvu za jua, na mvuvi akawa anakodi betri iliyojaa pamoja na taa yake, kisha anairudisha. Napenda sana mpango huo kwa jinsi ulivyokuwa wazi. Mtu alilipia usiku wa mwanga. Betri ikizima kabla ya kucha, angejua, na mwenye kituo angejua kwamba amejua.

Mteja wa Kimbo hana kituo cha kurudishia. Ana kisanduku chenye maandishi ya dhahabu na neno la muuzaji. Ndiyo maana fundi huyu alianza kuunda zake.

Malighafi yake hutoka Juja. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko huko, mwendo mfupi wa matatu, na penye wanafunzi pana laptopu, na penye laptopu pana betri zilizochoka. Betri ya laptopu ya zamani kwa kawaida ina seli sita, jozi tatu zilizofuatana. Jozi moja ikidhoofika, saketi hukata umeme wote na mwenye laptopu huambiwa betri imekufa. Mara nyingi seli nne zilizosalia bado zina miaka yake. Ila si kila mara, na kuzibainisha nzima na mbovu ndiyo kazi yenyewe.

Hufungua kasha la betri kwa kupitisha kisu chembamba kwenye mshono, kidogo kidogo, kwa sababu seli ikitobolewa huwaka moto. Seli zikitoka, anazipima kwa mita moja baada ya nyingine. Iliyoshuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo haijaribu hata kuifufua, ingawa ingekubali kuchaji: seli ikikaa tupu kwa muda mrefu, shaba ya ndani yake huyeyuka, na ikichajiwa shaba hiyo hujijenga upya pasipofaa hadi ikaunganisha pande mbili zisizopaswa kukutana. Zinazobaki hujazwa hadi volti 4.2, naye huzigusa kwa mgongo wa vidole. Yenye joto inatoka kundini.

Halafu anaziacha. Hatua hii mafundi wengi huiruka, nami ndiyo ninayoisifu kuliko zote. Anaandika volti na tarehe kwenye karatasi ya gundi, anaibandika kwenye seli, na kuitia kwenye trei ya mayai juu ya rafu, na kwa wiki kadhaa haishughulikii tena. Seli yenye kasoro ndani huvuja umeme wake pole pole pasipo mtu kuiwasha. Baada ya kupumzika huko, iliyokuwa 4.2 ikisoma 4.1 na ushei, imefaulu. Ikisoma 3.9, imejisema. Kibandani mwake hakuna kifaa kinachoweza kuharakisha jambo hilo sawasawa. Linataka siku tu, na siku hazina risiti ya kumwonyesha mteja. Mteja anayemjia Alhamisi akitaka pawabenki ya Ijumaa anapewa iliyokwisha iva au anaambiwa angoje. Nadhani hapo ndipo yeye na wavuvi wanapoelewana bila kuambizana.

Zilizofaulu humwagwa umeme wake kwenye kijipimio kinachohesabu kila mAh inayotoka mpaka volti 3. Hapo seli iliyozaliwa na mAh 2,600 inaweza kukiri 2,200, au 1,400. Anazipanga kwa kulingana, nne nne, na kabla ya kuziunganisha huhakikisha volti zao ziko sawa, maana iliyojaa ikishikanishwa na tupu humwagia umeme kwa kishindo. Hatumii lehemu kwenye seli. Joto lake huzidhuru. Huziunganisha kwa vipande vya nikeli, akivibana kwa mashine inayochoma nukta kwa nukta, kila nukta sehemu ndogo ya sekunde. Mwisho saketi ya ulinzi, inayokata umeme seli zikijaa kupita kiasi, zikikauka kupita kiasi, au waya zikigusana. Kasha ni la pawabenki ya mtu iliyokufa zamani.

Teknolojia hii Sony waliitia sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuibuni. Wanastahili. Lakini ukishika seli ya laptopu ya miaka ya nyuma unashika pia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa pande za Kolwezi, ambako mchimbaji mdogo anashuka shimoni na kumwita mwenzake kwa Kiswahili. Madini hayo yametoka kwa wasemaji wa lugha hii, yakaenda Asia yakawa seli, yakazunguka hadi laptopu ya mwanafunzi Juja, na yangeishia jalalani kwa sababu jozi jirani ilichoka mapema. Fundi akiirudisha seli kazini, jasho la shimoni limelipwa angalau saa kadhaa zaidi za mwanga. Zile alizozikataa hazitupi na taka za mtaa. Huzitenga kwenye ndoo ya mchanga na kuzipeleka kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki Nairobi, kwa sababu ameshaona jalala likiwaka kwa betri moja iliyopondwa na lori.

Simwelezi kama mtu anayewatosha wote. Mwenye kuvua baharini kwa ngalawa namshauri anunue mpya, iliyofungwa barabara, yenye alama ya IP67. Hiyo 7 maana yake inastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Maji ya chumvi hayasamehe kasha la kuokoteza. Fundi mwenyewe husema hivyo hivyo. Kwa Masinga, ambako maji hayana chumvi na adui ni umande na tope, mkebe wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko cha kubana unatosha, na ndiyo, watu hutumia mkebe wa mafuta yaitwayo Kimbo. Sharti moja: pawabenki ikiwa inachaji kitu, itolewe mkebeni ipate hewa.

Joto ndilo huimaliza betri upesi kuliko matumizi. Hapo naomba niseme jambo kuhusu pawabenki zenye kipande cha sola mgongoni, maana kila mvuvi mgeni huja nazo akijiona amekomaa. Kipande kile cha ukubwa wa kiganja kwa kawaida hutoa wati moja au moja na nusu jua likiwa la utosi. Kujaza wati-saa 37 kwa mwendo huo kunataka saa zipatazo thelathini za jua kali, yaani karibu wiki nzima, na wiki hiyo yote umeianika betri juani kwenye mwamba wa Masinga, ukiipika. Kama unataka jua, nunua paneli peke yake, betri ibaki kivulini chini ya kiti.

Kuna mzee aliyekuja kibandani akiwa na mulika mwizi, simu yenye betri ya mAh elfu moja hivi, kurunzi juu, chaji ya siku nne. Alitaka pawabenki kwa sababu wanawe walimwambia anaihitaji. Fundi aliigeuza simu mkononi na kumwambia, "Mzee, hii inakutosha, nunua betri nyingine kama hii uweke mfukoni." Akampa na onyo ambalo vijana wengi hawalijui: pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaochotwa ni kidogo mno, zikidhani simu imejaa. Taa ndogo ya balbu moja huzimika ghafla kwa sababu hiyo, na mwenyewe akadhani ameuziwa kitu kibovu.

Pawabenki ikimalizika kuundwa, fundi huichaji na kuimwaga mara moja nzima, kisha huandika mgongoni kwa kalamu nzito tarehe na kipimo kilichopatikana: 8,700, au 8,450, tarakimu za ajabu ajabu ambazo hakuna kiwanda kingezichapa. Vijana wawili wanaouza vifaa vya simu kwenye matatu walimtaka awaandalie kumi, mradi aandike 10,000 tu, wakamwahidi mia mbili zaidi kwa kila moja. Aliwauliza wanazitaka kwa lini, akawapa bei yake ya kawaida, na juu ya hiyo namba akawaambia za kuandikwa hivyo mjini ziko tele na ni rahisi kuliko zake.