Kasha la Kamera kwa Maji ya Kinna

Kwenye boksi la kila kasha la kamera ya chini ya maji, namba inayochapishwa kubwa kuliko zote ni ya kina: mita 40, mita 60, hata mita 100. Mzamiaji wa Watamu au Kisite, mwenye mtungi wa hewa mgongoni, ana haki ya kuanza uchaguzi wake hapo. Mpiga picha wa Kinna hana sababu hiyo. Maji yake ni ya vijito na chemchemi zinazoshuka kutoka milima ya Nyambene na kupita kuelekea Mbuga ya Kitaifa ya Meru, maji ambayo ng'ombe huyavuka kwa miguu. Akilipia mita 60 amelipia kitu asichokitumia, na huenda akakosa kile anachokihitaji kweli, yaani kioo kilicho mbele ya lenzi.

Adui wa picha ya majini ni maji yenyewe. Kila sentimita iliyo kati ya lenzi na samaki hupunguza rangi, nyekundu ikitangulia kupotea, na huongeza chembe zinazoelea. Mifugo ikishuka kunywa, tope huinuka na kukaa majini muda mrefu. Ukiwasha flashi ndani ya maji ya namna hiyo, kila chembe hurudisha mwanga na picha hujaa madoa meupe. Dawa ni kupiga ukiwa upande wa juu wa mkondo kuliko walipo mifugo, na kusogea karibu mno na unachokipiga. Uchaguzi wote wa kasha unatokana na hitaji hilo la ukaribu.

Tazama kilichofanyika Mzima, katika Tsavo Magharibi. Wapiga filamu Alan na Joan Root waliingia na kamera kwenye chemchemi ile wakapiga filamu ya viboko wakitembea sakafuni, na samaki wakiwadonoa ngozi. Maji ya Mzima huchujwa na miamba ya volkano ya milima ya Chyulu, hutoka yakiwa maangavu, na hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusogea karibu, na ukaribu una gharama yake. Waliporudi pale miaka ya 1970, kiboko alimng'ata Alan mguuni na kumtoa kipande cha nyama, na jino lake likagonga barakoa ya Joan. Mito ya Meru nayo ina viboko na mamba. Kwa hiyo kamera lazima iwe karibu na mnyama, na mtu lazima awe mbali. Masharti hayo mawili yanakubaliana tu ikiwa kasha linaweza kufungwa kwenye ufito mrefu na kuamriwa kutoka ukingoni.

Sasa kioo. Kasha la bei nafuu huja na kioo bapa. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hupinda, na kioo bapa huacha upindaji huo uharibu kazi ya lenzi: samaki huonekana amesogea kwa robo ya umbali wake, lenzi pana hupoteza upana wake, na rangi huachana kwenye pembe za picha. Kwa mdudu mdogo au kaa aliyejibanza chini ya jiwe, kioo bapa kinatosha, na hata kinasaidia kwa kuwa kinakuza. Lakini anayetaka samaki pamoja na mahali anapoishi anahitaji lenzi pana, nayo haifanyi kazi yake ipasavyo bila kioo cha kuba. Kitovu cha kuba kikipangwa sawa na lenzi, miale huingia ikiwa wima kwenye kioo, na upana wote hurudi.

Kuba nayo ina tabia yake, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Majini, kuba hutengeneza taswira iliyo karibu sana. Mlima ulio mbali kabisa, kama ungeweza kuwa chini ya maji, ungeonekana na kamera kana kwamba uko umbali wa nusu-kipenyo mara tatu kutoka kwenye kioo. Kuba yenye nusu-kipenyo cha sentimita 10 huleta dunia yote ya majini ndani ya sentimita 30, na ya sentimita 5 huileta ndani ya 15. Kwa hiyo lenzi isiyoweza kulenga kitu cha karibu haifai, hata ingekuwa ghali namna gani.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoamua picha ambayo Kinna inastahili kuliko zote: nusu juu ya maji, nusu chini, ng'ombe wakinywa na samaki wakipita kati ya miguu yao. Ng'ombe wako mita kadhaa, taswira ya samaki iko sentimita chache, na lenzi moja inatakiwa ilenge vyote viwili. Punguza tundu la lenzi hadi f/11 au f/16, lenga upande wa majini, na tumia kuba kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Kuba kubwa pia hurahisisha kuutuliza mstari wa maji katikati ya kioo.

Wengi hudhani maji ya kina kifupi hayana hatari kwa kasha. Mimi nasema yana hatari zaidi. Oringi, ule mpira mwembamba unaoziba mlango, hukazwa na mgandamizo wa maji. Kwenye kina cha mita 10, kioo chenye kipenyo cha sentimita 20 hubanwa kwa uzito wa kilo 300 hivi. Kwenye nusu mita, ni kilo 16 tu. Unywele mmoja au punje ya vumbi la barabara ya Garba Tula ikilala juu ya mpira, maji ya juu hupenya bila kizuizi. Louis Boutan, aliyepiga picha majini huko Banyuls mwaka 1893, alifunga puto la hewa kwenye sanduku lake ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje. Leo kuna kifaa bora: pampu ndogo ya kunyonya hewa ndani ya kasha, na taa inayobaki kijani kama hewa hairudi. Kati ya kuongezewa mita 40 za kina na kupewa pampu hiyo, chukua pampu.

Joto nalo lifikiriwe. Hewa ya moto iliyofungiwa ndani hukutana na kioo kilichopozwa na chemchemi, ukungu ukashika. Fungia kamera mahali pakavu, mbali na ukingo, ukiweka pakiti ya silika ndani. Kasha la alumini hupitisha joto la kamera kwenda majini, na mvuke hushika kuta kabla ya kioo. Plastiki hulifungia, jambo baya kwa anayerekodi video.

Mwisho ni uzito. Makasha mengi husawazishwa kwa bahari, na maji matamu hubeba pungufu kwa karibu asilimia 2.5: kasha la lita 5 huzidi kwa gramu 125 hivi, na kuba iliyojaa hewa huvuta pua juu. Kwenye ncha ya ufito wa mita tatu, hizo gramu huhisiwa na mkono. Funga boya dogo nyuma ya kasha na risasi chini ya kuba, ukijaribu kwenye pipa la maji nyumbani kabla ya kushuka mtoni.