Filta ya ofisini inachuja nini hasa?

Ushauri tunaousikia kila mahali ni mwepesi: ofisi iache maji ya chupa, ifunge filta, kila mtu aje na chupa yake. Chupa za plastiki zinaziba mitaro, hilo sibishi. Shida yangu ni neno "filta". Filta gani?

Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji mengi ya ardhini yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha WHO. Meno ya kahawia tumeyaona. Floraidi imeyeyuka majini, si tope. Chujio la udongo linazuia bakteria, basi. La kaboni linaondoa klorini na harufu. Kuchemsha ndo kabisa: maji yanapungua, floraidi inabaki. (Na majani ya chai yana floraidi yake.) Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia utafiti, au mtambo wa utando. Mkaa nao hushiba. Usipobadilishwa unakuwa pambo.

Kwa hiyo sampuli iende maabara kwanza, bei ya filta iulizwe baadaye. Na fedha ya kubadilisha mkaa iingizwe kwenye bajeti siku hiyohiyo, maana baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka.